Sura ya Sita: Saini ya Mnunuzi

Mchuma nyanya wa Immokalee, mji mdogo wa vibarua wa mashambani kusini-magharibi mwa Florida, Marekani, hubeba ndoo ya plastiki inayochukua ratili 32, yaani kilo 14 na nusu hivi. Akishaijaza huitupa begani, hukimbia nayo hadi kwenye lori, humrushia mtu aliyesimama juu, hupewa tikiti yake na kurudi mbio kwenye mstari wake. Malipo ni kwa ndoo. Kwa miaka mingi yalikuwa kama senti 50 za dola kwa kila moja. Lakini ndoo iliyojaa mpaka ukingoni haikutosha. Nyapara alitaka nyanya zipite mdomo wa ndoo na kufanya kichuguu juu yake. Asiyeweka kichuguu alinyimwa tikiti, na aliyebisha aliweza kuambulia matusi au hata kipigo. Kichuguu hicho kilifikia sehemu moja ya kumi ya mavuno ya mchumaji, na hakikulipwa hata senti.

Msomaji wa Tanzania anaijua habari hii kwa jina la lumbesa: gunia la viazi au vitunguu linaloshonewa kilemba juu ili mlanguzi aondoke na gunia na ziada kwa bei ya gunia moja. Sheria imeikataza lumbesa, Wakala wa Vipimo hukamata na kutoza faini, viongozi hukemea majukwaani, na bado msimu ukifika inarudi. Mkulima anajua kwamba akikataa, lori litakwenda kwa jirani.

Kule Florida kichuguu kilikomeshwa kwa njia nyingine. Muungano wa Wafanyakazi wa Immokalee, ulioanza mwaka 1993, uligundua mapema kwamba kugombana na mwenye shamba peke yake hakufiki mbali, kwa sababu bei ya nyanya haipangwi shambani. Inapangwa na kampuni za vyakula na maduka makubwa yanayonunua kwa maelfu ya tani na kumbana mkulima mpaka naye ambane kibarua. Kwa hiyo wakamfuata mnunuzi. Mwaka 2001 walitangaza mgomo wa wateja dhidi ya migahawa ya Taco Bell, na mwaka 2005 kampuni mama yake ikakubali kusaini. McDonald's ikafuata mwaka 2007, Burger King mwaka 2008, na Walmart, muuzaji mkubwa kuliko wote, Januari 2014.

Walichosaini ni kifupi na kinaeleweka. Mnunuzi analipa senti moja zaidi kwa kila ratili ya nyanya, na nyongeza hiyo inapita kwenye hesabu za shamba hadi mkononi mwa mchumaji. Mnunuzi pia anajifunga kutonunua kwa shamba lolote lililosimamishwa kwa kukiuka kanuni. Kanuni zenyewe zinataja kivuli, maji ya kunywa, saa za kazi kuhesabiwa tangu mtu anapofika shambani, marufuku ya kulazimishana ngono na ya kazi za utumwa. Zinataja pia ndoo: ikifika ukingoni imejaa. Mchumaji anayelazimishwa kuweka kichuguu hupiga simu saa yoyote, usiku au mchana, na baraza huru la kusimamia viwango huchunguza. Shamba lisilojirekebisha hupoteza wateja wake wakubwa wote kwa mkupuo.

Tangu mpango huo, unaoitwa Fair Food Program, uanze kazi katika mashamba mengi ya nyanya ya Florida mwaka 2011, zaidi ya dola milioni 30 zimewafikia wachumaji kupitia senti hiyo moja. Hili limetokea katika jimbo ambalo mwaka 2008 mahakama iliwafunga waajiri waliokuwa wakiwafungia vibarua usiku ndani ya bodi la lori. Sheria dhidi ya utumwa ilikuwepo siku zote hizo. Kilichoongezeka ni mkataba wa biashara ambao mnunuzi ameusaini, na ambao mchumaji anaweza kuutumia.

Ahadi za upande mmoja

Mikataba ya mnyororo wa ugavi iliyo mingi duniani haiko hivyo. Muuzaji anayetaka kupeleka mashati, maua, kahawa au parachichi Ulaya na Marekani hupokea rundo la karatasi. Ya kwanza inataja bei, idadi na siku ya kupakia. Nyuma yake imebanwa nyingine yenye kichwa kizuri, kanuni za maadili za wasambazaji. Humo muuzaji anahakikisha kwamba hakuna mtoto anayefanya kazi, hakuna anayelipwa chini ya kima cha chini, hakuna maji machafu yanayomwagwa mtoni, wala hakuna ubaguzi. Anahakikisha hayo kwa kiwanda chake, na mara nyingi kwa kila anayemuuzia malighafi pia, hadi shambani pamba inakolimwa. Ikigundulika vinginevyo, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba, kukataa mzigo na kudai fidia.

Mnunuzi mwenyewe haahidi kitu. Anaweza kushusha bei mwaka hadi mwaka huku mishahara ikipanda. Anaweza kubadilisha mtindo wa shati wiki mbili kabla ya meli kuondoka, bila kusogeza tarehe. Anaweza kulipa baada ya siku 90 au 120. Mwenye kiwanda anayepaswa kushona mashati 50,000 kwa muda wa mashati 30,000 ana njia mbili tu: kuwakalisha washonaji hadi usiku wa manane, au kupeleka kazi kwa siri kwenye karakana ya uchochoroni isiyojulikana na mkaguzi yeyote. Njia zote mbili zinavunja kanuni alizosaini, na zote mbili zimesababishwa na oda aliyopewa na mwandishi wa kanuni hizo hizo.

Kuna ubaya mwingine usioonekana haraka. Muuzaji aliyehakikisha kwamba hakuna tatizo hawezi kusema ameliona. Meneja anayegundua vyeti vya umri vya kughushi, au bomba linalovujisha dawa za kutia rangi, akimwandikia mnunuzi amekiri kuvunja mkataba. Mwenye akili ya biashara ananyamaza, anafuta, anaandaa vitabu viwili vya mahudhurio, kimoja cha mkaguzi na kimoja cha kweli. Mkataba ulioandikwa ili kulinda haki unageuka sababu ya kuficha dhuluma.

Je, mfanyakazi anaweza kuzishika kanuni hizo na kwenda nazo mahakamani? Mwaka 2005 wafanyakazi kutoka China, Bangladesh, Indonesia, Swaziland na Nikaragua walijaribu. Viwanda vyao viliiuzia Wal-Mart, na mikataba ya viwanda hivyo ilibeba kanuni za kampuni hiyo pamoja na haki yake ya kukagua. Walidai kwamba ahadi hiyo ilitolewa kwa faida yao. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Marekani ikawakatalia: mkataba uliipa kampuni haki ya kukagua, haukuipa wajibu wa kukagua. Wafanyakazi hawakuwa upande wowote wa mkataba, kwa hiyo hawakuwa na la kudai.

Na ukaguzi wenyewe unaweza kuwa wa karatasi. Tarehe 11 Septemba 2012 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises huko Karachi, Pakistan. Watu zaidi ya 250 walikufa nyuma ya madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa. Wiki tatu hivi kabla ya hapo kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kimojawapo cha vyeti vinavyoheshimiwa zaidi kuhusu hali za kazi. Mnunuzi wake mkuu, KiK ya Ujerumani, alikuwa na kanuni za maadili kama wenzake. Manusura na jamaa za marehemu walikwenda hadi mahakama ya Dortmund, na mwaka 2019 kesi yao ikafutwa kwa kuwa muda wa kudai ulikuwa umepita kwa mujibu wa sheria ya Pakistan.

Ufa wa Savar

Miezi saba baada ya Karachi, tarehe 23 Aprili 2013, wafanyakazi wa jengo la Rana Plaza huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, waliona nyufa kwenye nguzo na kuta. Jengo lilikuwa na ghorofa nane, maduka na tawi la benki chini, viwanda vitano vya nguo juu. Lilitolewa tangazo la kuondoka. Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa benki hawakufika, kwani mwajiri wao alikuwa amewaambia wakae mbali. Washonaji walifika. Walisimama nje wakinong'ona, na mameneja wakawaambia kwamba asiyepanda ataukosa mshahara wa mwezi. Wakapanda. Umeme ulipokatika, majenereta mazito yaliyokuwa juu yakawashwa, na kabla ya saa tatu asubuhi jengo likaporomoka. Waliokufa ni 1,134. Zaidi ya 2,000 walijeruhiwa, na baadhi yao walikatwa viungo chini ya kifusi ili watolewe.

Tofauti kati ya benki na viwanda asubuhi ile ndiyo kiini cha sura hii. Ufa ulikuwa mmoja, na kila mtu aliuona. Benki ingeweza kufunga tawi bila kumpoteza mteja. Mwenye kiwanda alikuwa na oda ya kupakia, adhabu ya kuchelewa, na mnunuzi ambaye angehamia kwa mwingine. Katika vifusi zilipatikana lebo za chapa zinazojulikana Ulaya na Amerika, zikiwemo Primark, Benetton na Joe Fresh. Baadhi ya viwanda vile vilikuwa vimeshakaguliwa mara kadhaa kwa niaba ya wanunuzi, lakini nguzo za jengo hazikuwamo katika orodha ya mambo ya kuangalia.

Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na rasimu mezani. Kwa miaka kadhaa, moto ulivyozidi kuua katika viwanda vya Bangladesh, vilikuwa vikizitaka chapa zisaini mkataba wa usalama unaofunga kisheria, na ni kampuni mbili tu, PVH ya Marekani na Tchibo ya Ujerumani, zilizokuwa zimekubali. Kampuni nyingine zilisita. Baada ya Rana Plaza shinikizo likawa kubwa mno. Katikati ya Mei 2013, chini ya mwezi mmoja baada ya jengo kuanguka, H&M, Inditex, Primark na kadhaa nyingine zilitia saini Mapatano ya Usalama wa Moto na Majengo Bangladesh pamoja na mashirikisho mawili ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI. Hatimaye waliosaini walizidi kampuni 200, na viwanda vilivyofikiwa vilikuwa zaidi ya 1,600.

Upya wa Mapatano haya uko katika vifungu vichache. Kampuni ziliahidi kufanya kazi na viwanda vile vinavyokubali kukaguliwa na kurekebishwa, na kuachana na vinavyokataa. Ziliahidi kuendelea kununua Bangladesh kwa angalau miaka miwili ya mwanzo, ili hofu ya kesi isizifanye zikimbilie nchi nyingine. Ziliahidi kuhakikisha kwamba kiwanda kinapata fedha za marekebisho, iwe kwa mkopo, kwa malipo ya awali au kwa bei inayotosha. Ripoti za wahandisi zilichapishwa hadharani, jina la kiwanda na kasoro zake. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoamini ni la hatari bila kukatwa mshahara. Kwa watu wa Savar kifungu hicho hakihitaji ufafanuzi.

Na kampuni ikivunja ahadi, vyama vinaweza kuishtaki mbele ya wasuluhishi. Mwaka 2016 vyama vilipeleka kampuni mbili kubwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, vikidai kwamba hazikuwabana wasambazaji wao wala kuwasaidia kulipia marekebisho. Wasuluhishi wakakubali kuzisikiliza, na kesi zote mbili zikaishia kwenye maelewano. Kampuni moja ilikubali Januari 2018 kulipa dola milioni 2.3, nyingi zikiwa za kurekebisha viwanda zaidi ya 150. Saini ilikuwa na gharama, na kila mnunuzi aliyesaini aliona.

Wahandisi waliandika kasoro zaidi ya laki moja: milango ya kutokea yenye kufuli, sakafu zilizobeba mizigo kupita uwezo, waya wazi juu ya marobota ya vitambaa, ngazi zinazoishia ndani ya stoo. Zaidi ya asilimia 90 ya zile zilizoonekana katika ukaguzi wa kwanza zilirekebishwa. Kampuni za Amerika Kaskazini, zikiongozwa na Walmart na Gap, ziliunda chombo chao wenyewe kilichokagua pia, lakini vyama havikuwa na kiti cha mwenza wala uwezo wa kuzishtaki. Kilivunjwa baada ya muda wake kwisha. Mapatano yaliyofunga kisheria yalifanywa upya mwaka 2018, yakawa ya kimataifa mwaka 2021, na mwaka 2023 yakaanza kazi Pakistan, nchi ya kiwanda cha Ali Enterprises.

Bei nayo ni kifungu

Mapatano ya Bangladesh hayakuzuka hewani. New York, baada ya moto wa kiwanda cha Triangle kuua watu 146 mwaka 1911, chama cha washonaji wa nguo za kike kilitambua kwamba wenye karakana ndogo hawana ubavu wa kulipa vizuri, kwa kuwa bei inapangwa na wafanyabiashara wanaowapa kazi. Katika miaka ya 1920 na 1930 chama kikawafunga wafanyabiashara hao kwa mikataba: wataje karakana wanazotumia, wasihamehame ovyo, na walipe bei inayotosha mshahara uliokubaliwa. Mwenye karakana akitoroka bila kulipa, mfanyabiashara anadaiwa.

Kilichosahaulika kwa muda mrefu ni hicho cha bei. Machi 2020 kikajikumbusha kwa ukatili. Virusi vya korona vilipofunga maduka ya Ulaya na Marekani, chapa nyingi ziliandika barua za kufuta oda, zikitaja janga lisilozuilika. Nyingine hazikutaja chochote. Shati lilikuwa limeshashonwa, kitambaa kimeshanunuliwa, wakati mwingine mzigo uko bandarini Chittagong. Kwa kuwa desturi ya biashara hii ni mnunuzi kulipa wiki nyingi baada ya kupokea mzigo, hasara yote ilibaki Dhaka. Wenye viwanda wa Bangladesh walihesabu oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilizofutwa au kusimamishwa. Mtafiti Mark Anner wa chuo kikuu cha Penn State aliwauliza wenye viwanda mwishoni mwa mwezi huo, na karibu robo tatu ya wale waliofutiwa oda walisema wanunuzi wamekataa kulipia hata malighafi zilizokwisha kununuliwa. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameachishwa au kusimamishwa kazi, wengi bila kiinua mgongo.

Huku Naivasha, wiki hizo hizo, waridi zilizofungwa tayari kwa ndege zilimwagwa kuwa mboji, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Sehemu kubwa ya maua ya Kenya yalikuwa yakiuzwa kwenye mnada wa Uholanzi, ambako hakuna mnunuzi aliyeahidi lolote kwa kesho.

Kampeni ya wafanyakazi na wateja ilizilazimisha kampuni nyingi kurudi na kulipa. Lakini wanasheria waliosoma mikataba ile waliona kwamba baadhi ya barua zile za kufuta zilikuwa halali kabisa. Mkataba ulikuwa umeandikwa hivyo.

Vifungu vipya

Kikundi cha wanasheria wa Chama cha Mawakili cha Marekani, kikiongozwa na David Snyder na Susan Maslow, kilikuwa tayari kinaandika vifungu vya mfano ambavyo kampuni yoyote inaweza kuvichukua bure. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2018, la pili mwaka 2021, na tofauti kati yao ni kubwa. La pili limeacha mtindo wa muuzaji kuhakikisha kwamba kila kitu ni kisafi. Badala yake pande zote mbili zinaahidi kuchunguza madhara, kuambizana, kuzuia na kurekebisha, na muuzaji anayefichua tatizo kwa nia njema hahesabiwi kuwa amevunja mkataba kwa kulifichua. Kitabu cha pili cha mahudhurio kinakosa kazi.

Vifungu hivyo vinamfunga mnunuzi kwa mambo anayoyashika mwenyewe. Bei izingatie gharama ya kutimiza kanuni, ukiwemo mshahara. Akibadilisha oda, akubaliane upya kuhusu tarehe. Ikigundulika kwamba madhara yamechangiwa na ununuzi wake mwenyewe, achangie kuyarekebisha. Kuhusu kuondoka, haruhusiwi kukimbia mara kashfa inapotokea. Kwanza itafutwe njia ya kurekebisha na kumlipa aliyeumia. Ikishindikana, aondoke kwa taarifa ya kutosha na baada ya kulipia kazi iliyokwisha kufanyika. Sarah Dadush wa chuo kikuu cha Rutgers, mmoja wa walioandika vifungu hivyo, aliendeleza kazi kupitia mradi wake wa mikataba ya uwajibikaji, na wanasheria wa Ulaya wakaandika mfano wao.

Lesotho imeonyesha jinsi mambo hayo yanavyofanya kazi karibu na kwetu. Mwaka 2019 shirika la uchunguzi la Worker Rights Consortium lilitoa ripoti kuhusu viwanda vya jinzi vya kampuni ya Kitaiwani Nien Hsing nchini humo, ikieleza jinsi wasimamizi walivyowalazimisha wanawake kutoa ngono ili wapate au wasipoteze kibarua. Wakaguzi waliopita mara nyingi kabla hawakuwa wameyaona hayo. Agosti mwaka huo mikataba ilisainiwa kati ya Nien Hsing, wanunuzi wake Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya Lesotho. Ikaundwa ofisi huru ya kupokea malalamiko, yenye uwezo wa kuamuru msimamizi afukuzwe. Kiwanda kikikaidi, wanunuzi walijifunga kupunguza oda mpaka kitii. Wafanyakazi wapatao 10,000 walilindwa na mikataba hiyo, wengi wao wanawake.

Kwa mazingira, mfano mkubwa uko Brazil. Julai 2006, baada ya kampeni ya Greenpeace iliyohusisha kuku wa McDonald's barani Ulaya na msitu wa Amazoni, wafanyabiashara wakubwa wa soya, akiwemo Cargill, walikubaliana kutonunua soya iliyolimwa kwenye msitu uliofyekwa baada ya tarehe waliyoiweka. Setilaiti zikaangalia, na shamba lililofyeka likaingia kwenye orodha na kukosa soko. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2015 ulionyesha kwamba kabla ya makubaliano karibu asilimia 30 ya mashamba mapya ya soya katika Amazoni yalitoka kwenye msitu uliofyekwa karibuni. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa kama asilimia 1. Makubaliano hayo hayakugusa nyika za Cerrado, na huko ufyekaji uliendelea. Jimbo la Mato Grosso nalo limeyashambulia, likipitisha mwaka 2024 sheria ya kuzinyima nafuu ya kodi kampuni zinazoyafuata. Mkataba wa biashara unaweza kuokoa msitu kwa miaka mingi, na siasa zikaugeukia.

Nani alipie ramani?

Nguvu ya mnunuzi imeshaonekana Kenya pia. Mwaka 2020, baada ya tuhuma za ukatili wa walinzi wa kampuni ya Kakuzi katika kaunti ya Murang'a kuchapishwa Uingereza, Tesco na maduka mengine makubwa yalisimamisha ununuzi wa parachichi zake. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Camellia, kampuni mama, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai, na kukaundwa utaratibu huru wa kusikiliza malalamiko. Soko lilisukuma haraka. Lakini soko hilo hilo likiondoka moja kwa moja, wa kwanza kukosa mshahara ni mchuma parachichi aliyelalamika. Kwa hiyo suala la jinsi ya kuondoka, na ya kurudi, linapaswa kuandikwa kabla ya kashfa.

Sasa sheria zinafuata. Ufaransa iliweka wajibu wa uangalifu kwa kampuni kubwa mwaka 2017, na Rana Plaza ilitajwa sana katika mjadala wake. Sheria ya Ujerumani ya aina hiyo ilianza Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wake mwaka 2024, halafu mwaka 2025 ukaanza kuuahirisha na kuupunguza makali. Sheria ya Ulaya kuhusu ufyekaji misitu, ambayo utekelezaji wake pia umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa na kakao zitoke kwenye ardhi isiyofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na zionyeshe ni shamba lipi.

Kwa mkulima wa Kagera, Mbozi au Bugisu mwenye ekari mbili za kahawa, maana yake ni kwamba mtu lazima aje na kifaa cha kupimia, achukue nukta za shamba, aziingize kwenye kumbukumbu na azilinde. Kazi hiyo ina gharama, na gharama hiyo haijaandikiwa jina. Njia rahisi kwa mnunuzi ni kuongeza kifungu kinachomtaka msafirishaji ahakikishe kila kitu. Msafirishaji atakiteremsha kwa chama cha ushirika, chama kitamkata mkulima, na mkulima asiyeweza atatolewa kwenye orodha kimya kimya. Ni lumbesa ya karatasi, na wakati wa kuikataa ni huu, mikataba ikiwa bado inaandikwa.

Vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi wa mashambani na wenye viwanda vya Athi River au Dar es Salaam wanaweza kufika mezani na rasimu yao mkononi, kama walivyofanya wachuma nyanya na washonaji wa Dhaka. Yale ya kudai yanajulikana: bei inayobeba gharama ya masharti, mgawanyo wa gharama za ramani na ukaguzi, malipo kwa tarehe isiyochezewa, muda wa taarifa kabla ya kuondoka, na njia ya malalamiko ambayo mfanyakazi anaweza kuitumia bila kupitia kwa bosi wake. Wanunuzi watasema hayawezekani. Levi Strauss haikusaini Mapatano ya Bangladesh, ikisema ina mfumo wake yenyewe, lakini kule Lesotho ilisaini, baada ya ushahidi kuwekwa hadharani na wanawake wa viwandani kuwa na vyama vilivyosimama nao.